Nchi Isiyojua Kunyima

Msomaji asinidai maelezo ya njia niliyopita. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nina cheti kwenye bahasha na moyo uliojaa nia njema, nami nilitaka kuona kwa macho yangu mahali ambapo watu hupeana walicho nacho bila kuulizana maswali. Huku kwetu nilipatafuta nikapakosa. Nilipapata ndani ya tumbo la mtu mmoja aitwaye Baba Rukia, fundi wa kushona viti vya magari, mtu mzima mwenye afya njema na tabia ya kujitibu mwenyewe. Wakazi wa nchi hiyo ndio wale ambao sisi, kwa haraka zetu, huwaita bakteria. Wao hujiita wananchi.

Ni nchi ya joto, yenye mwanga hafifu wa rangi ya komamanga. Ardhi yake ni laini, ina mikunjo, na mara kwa mara hujikunja na kujikunjua yenyewe. Wenyeji hushika kilicho karibu na kuendelea na mazungumzo. Chakula hushuka kutoka Juu. Mabaki huteremka hadi Lango la Chini, na aliyetoka huko hajawahi kurudi kusimulia. Pande zote kuna Ukuta, na nyuma ya Ukuta unapita mto mwekundu. Mto huo hauna njia ya kuingilia, na wananchi wenye akili zao hawaitafuti.

Watu wa huko hawaoi wala hawazai. Mtu akila akanenepa vya kutosha, kiuno chake huanza kubana, na baada ya muda mfupi husimama wawili: jina lile lile, kumbukumbu zile zile, hata kicheko kile kile. Ukiuliza nani mkubwa, wote wawili watakushangaa.

Nilipokelewa na Bi Sikudhani, wa ukoo wa wakandikaji. Kazi ya ukoo wake ni kuukandika Ukuta kwa ute laini ili usipasuke. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Karibu, mwanangu," aliniambia siku ya kwanza. "Kaa popote, ila usiegemee hapo. Bado pabichi."

Nilimwambia kwamba nchi yake ni mtu, ana jina, ana mke na binti. Aliendelea kukandika.

"Nilihisi ni kiumbe," alisema. "Huu Ukuta unapumua. Ukiweka kiganja utasikia. Kumbe ana binti?"

"Anaitwa Rukia."

"Basi tuukandike vizuri."

Sasa nieleze sheria iliyonifanya niipende nchi ile. Zamani, wanasimulia, ilinyesha mvua chungu kutoka Juu, na karibu watu wote waliyeyuka. Kati ya wachache waliobaki alikuwamo mtu mmoja aliyekuwa na kikuku. Kikuku ni duara la uzi lenye mafundo mengi, huvaliwa ndani ya mwili, na mafundo yake ni maelekezo ya kushona joho lisilopitisha mvua. Mtu yule angeweza kukaa na siri yake akatawala. Badala yake aliita kila aliyebakia, wa ukoo wake na asiye wa ukoo wake, akawagawia wote. Tangu hapo ikawa sheria, na sheria yenyewe ni fupi: mwenye kikuku akikutana na asiye nacho atampa, wala hatamuuliza jina, ukoo au kazi.

Namna ya kupeana ni nzuri kuitazama. Wananchi wana mkono wa ziada, mwembamba kama uzi, ambao hautumiki kwa jambo lingine lolote. Wawili wakikutana, mkono huo hunyooshwa na kuungana na mwili wa mwenzake, na nakala ya kikuku hupita humo fundo kwa fundo. Mtoaji hubaki na chake. Hakuna anayepungukiwa. Niliona jambo hili likifanyika njiani, sokoni, hata kati ya watu wa koo ambazo hazielewani lugha, nikatokwa na machozi.

Msimamizi wa Ukarimu, Bwana Shaibu, mnene, mpole, mwenye sauti ya kutuliza watoto, aliniona nikilia.

"Kwenu hampeani?" aliniuliza.

"Kwetu mtu akigundua kitu cha maana hukifungia, Mheshimiwa. Ukikitaka unakinunua."

"Maskini," alisema, akanipapasa bega. "Na bado mko hai!"

Ukarimu wao haukomi hata mtu akifa. Mfu hupasuka, na vikuku vyake hubaki ardhini, na mpita njia yeyote huruhusiwa kuokota. Nilipouliza kama huo si wizi, niliambiwa kwamba marehemu naye ana haki ya kutoa. Wana pia posta. Matarishi wake ni wadogo kuliko wananchi, wana miguu ya buibui, nao huingia katika mwili wa mtu, wakajaa humo, wakaupasua, kisha wakatawanyika kwenda kwa wengine. Mara nyingine, katika ghasia hiyo, tarishi hubeba kipande cha kikuku cha marehemu bila kujua na kukifikisha salama kwa mtu mwingine. Lalamiko nililolisikia kuhusu huduma hiyo ni moja tu: mtuma barua huwa hayupo kusoma majibu.

Kulikuwa na kasoro ambayo Bwana Shaibu hakupenda itajwe. Joho ni zito. Mwenye kikuku hula chakula kingi ili kulishona, na hugawanyika polepole kuliko jirani asiye nacho. Mvua isiponyesha kwa muda mrefu, wasio na majoho huongezeka upesi, na wenye majoho huwa wachache, na baadhi yao huvidondosha vikuku vyao kimya kimya, kama mtu anavyoacha koti la baridi nyumbani jua likiwaka.

Bi Sikudhani alikuwa na kikuku kikubwa kuliko vyote nchini, chenye majoho matatu kwa mvua tatu tofauti. Alikipata kwa mgeni mmoja aliyekuja ndani ya nyama ya kuku isiyoiva vizuri. Mgeni huyo alitoka katika nchi za kuku wa kufugwa, ambako, alisimulia, mvua chungu hunyesha kila siku pamoja na chakula, wala hakuna anayeumwa.

"Hawaumwi, na wananyeshewa?" niliuliza.

"Ili wanenepe," alisema Bi Sikudhani. "Hata mimi nilidhani ananitania."

Alikuwa amechoka nacho. Mgongo ulimpinda. Aliniambia kwamba kipindi kile cha ukame kikiendelea kidogo tu, atakivua, akandike akiwa mwepesi kama zamani. Nilimtia moyo. Nilimwambia watu wa Juu wameelimika siku hizi na hawatanyesha bila sababu.

Sauti za Juu husikika katika nchi ile kama ngurumo. Wananchi hawaelewi maneno, lakini wamejifunza kuyatabiri yaletayo. Mimi niliyaelewa yote. Asubuhi moja ardhi ilitikisika kwa chafya.

"Kunywa chai ya tangawizi ulale," alisema Mama Rukia. "Mafua hayo."

"Chai! Mie mtoto? Zile rangi mbili za shemeji Athumani ziko wapi?"

"Aliandikiwa za jino, Baba Rukia."

"Dawa ni dawa. Lete mbili."

Nikaona wananchi wakikimbilia mikunjoni. Naomba msomaji aelewe: wadudu wa mafua hawakai katika nchi ile. Wanakaa puani, ni watu wa aina nyingine kabisa, na mvua hiyo hata wangeogeshwa nayo haiwadhuru. Mvua ilinyesha kwa watu ambao hawakuwa wamefanya kosa lolote. Mimi haikunigusa, kama isivyomgusa mtu yeyote wa kwetu, na nadhani ndiyo sababu huwa tunaimwaga ovyo. Majirani wa Bi Sikudhani, wale wepesi, wachangamfu, walioacha majoho yao, waliyeyuka mbele yangu mmoja mmoja huku wakiniuliza nini kimetokea. Alibaki yeye na majoho yake.

Siku iliyofuata ngurumo ilisema, "Nimepona mie. Hizo nyingine weka kabatini, atakuja kuzihitaji mtu," na mvua ikakatika. Bwana Shaibu alitangaza kwamba sheria ya ukarimu imeokoa taifa tena. Kwa kuwa waliobaki wote walikuwa na majoho, hakuna aliyempinga.

Muda mfupi baadaye Baba Rukia alikwenda harusini, na Sururu akaingia.

"Nimekuja na kachumbari!" alisema, akiwapungia watu waliokusanyika, na wote wakacheka. Alikuwa kijana mrefu, mcheshi, mwenye mikia mirefu ya kuogelea, na begani kwake palikuwa na chombo chenye ncha. Hakuwa na kikuku hata kimoja. Aliisifu nchi, akaisifu mikunjo, kisha akapapasa Ukuta kwa kiganja.

"Laini," alisema. "Nani fundi wa huu?"

"Mimi," alisema Bi Sikudhani.

"Mikono yako iwe na heri, mama. Mimi kazi yangu kutoboa."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania, na hakuficha lolote. Alieleza kwamba watu wa ukoo wake huchimba kuta hadi kuufikia mto mwekundu, huingia mtoni, na husafiri kwa mto huo kila pembe ya nchi. Huko alikotoka walichimba nchi mbili.

"Zikoje sasa hizo nchi?" niliuliza.

"Zimepoa," alisema Sururu. Aliona uso wangu, akaniongezea kwa upole, "Kupoa kabisa, mwalimu. Lakini bado sijaanza hapa, usinitazame hivyo. Nikichimba huwa inanyesha, na mimi sina joho. Ndugu zangu wengi wamekwenda na mvua. Joho moja halinitoshi, mvua ni za aina nyingi. Nikipata kikuku kikubwa kama cha mama huyu, ndipo nitaanza kazi."

Kisha akamgeukia Bi Sikudhani na kumnyooshea mkono, kwa adabu zote, kama sheria inavyotaka.

Bi Sikudhani hakunyoosha wake. Alisema ana kazi, mgeni amngoje.

Nilimfuata hadi kwenye Ukuta. Nilimweleza kila nilichojua: kwamba Sururu akichimba bila joho, Baba Rukia ataugua, atapewa dawa, mvua itanyesha, na Sururu atakwisha. Akichimba akiwa na majoho matatu, mvua itanyesha bure. Mtu yule aliyekuwa Juu akicheka harusini angekufa, na Rukia angebaki bila baba.

"Na nikinyima?" aliuliza. Alijua jibu. Anayenyima hupelekwa Lango la Chini.

"Sijui nikushauri nini, mama."

"Umesoma hadi chuo, hujui?" Alisema bila kejeli. Aliweka kiganja chake ukutani, akakaa hivyo muda mrefu. "Anapumua vizuri leo," alisema. "Twende tukamwambie Shaibu."

Baraza lilikaa kwenye Mkunjo Mkuu, na nchi nzima ilikuja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona mtu akinyima. Sururu alisimama katikati, mkono bado ameunyoosha. Bi Sikudhani alisimama mbele yake.

"Sitoi," alisema.

Watu waliguna. Mmoja alizomea, "Mchoyo huyo! Kikuku chenyewe si alipewa?" Mwingine akadakia, "Alipewa bure na kuku!"

Niliomba kuzungumza, nikaruhusiwa. Nilisema kwa unyenyekevu kwamba nimeipenda sheria yao kuliko sheria zote nilizofundishwa, na kwamba sitaki ifutwe. Naomba tu iongezwe swali moja. Kabla ya kumpa mgeni joho la kumkinga na mvua, aulizwe atafanya nini akishakingwa.

Bwana Shaibu alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri.

"Kijana wetu," alisema, "anayemuuliza mgeni kazi yake ameshaanza kumnyima. Leo tutamuuliza mchimbaji. Kesho tutamuuliza mla sukari kwa nini anakula sukari. Kesho kutwa tutakuwa kama kwenu."

Watu walishangilia. Nakiri hoja ilikuwa nzuri. Chuoni ningeipa alama za juu.

"Lakini Mheshimiwa, atatoboa nchi! Amesema mwenyewe!"

"Nimesema," Sururu alikubali.

"Umesikia? Ni mkweli," alisema Bwana Shaibu. "Wageni wangapi ni wakweli?" Alimgeukia Bi Sikudhani. "Dada, nakuuliza kwa mara ya mwisho, na nakuomba. Sisi sote tuko hai kwa sababu mtu mmoja hakunyima. Wewe ukinyima, sisi tutakuwa nani?"

"Mtakuwa watu wenye Ukuta," alisema Bi Sikudhani.

Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yeye wakati ule. Walinzi walimsogelea. Niliwaza kwamba mtu mmoja imara anatosha, kwamba dunia yote inaweza kusimama juu ya mtu mmoja anayesema hapana.

Ndipo nikaona kiuno chake kinabana.

Saa yake ilikuwa imefika. Hakuna mtu katika nchi ile anayeweza kuahirisha saa hiyo. Walinzi walirudi nyuma kwa heshima, na tulipotazama tena walikuwa wamesimama Bi Sikudhani wawili, wamechoka, kila mmoja na kikuku chake cha majoho matatu. Wa kwanza alikuwa karibu na mimi. Wa pili alikuwa karibu na Sururu.

"Sheria inanitaka niwaulize wote," alisema Bwana Shaibu.

"Sitoi," alisema aliyekuwa karibu na mimi.

Aliyekuwa karibu na Sururu alifungua kinywa aseme vile vile. Niliona. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini alikuwa ameelekea watu, akaona nyuso zao zote, na mbele yake kabisa akauona ule mkono mwembamba uliokuwa umenyooshwa tangu asubuhi, sasa unatetemeka.

"Mkono wako umechoka, mwanangu," alisema.

"Kidogo, mama," alisema Sururu.

"Aibu hii," alisema, si kwa mtu yeyote, akanyoosha wake.

Haikuchukua muda. Fundo kwa fundo kikuku kilipita, na baraza likaimba. Bwana Shaibu alimsamehe yule wa kwanza papo hapo, kwa kuwa mgeni alikuwa ameshapata na hapakuwa na haja ya kumwadhibu mtu. Nilisimama pale nikiwa nimeshika kichwa. Ili kumnyima Sururu walihitajika wote wawili. Ili kumpa, alitosha mmoja.

Sururu aligawanyika wakawa wawili, wanne, jeshi. Hawakuwa na chuki na mtu. Walimsalimia kila mwananchi waliyempita na kuwagawia kikuku hicho kikubwa waliokuwa hawana, kama sheria inavyotaka, kisha wakainua vyombo vyao wakaanza kuchimba. Nchi ilipata joto. Ardhi ilitetemeka, kisha ikatulia, kisha ikatetemeka zaidi. Ngurumo ya Juu ilibadilika.

"Mama Rukia, baridi."

"Baridi gani, unawaka moto! Twende kwa daktari. Leo husemi kitu."

Walikwenda. Mvua ilinyesha, na kwa mara ya kwanza tangu nifike ilikuwa mvua yenye haki, iliyoandikwa na daktari, kwa ugonjwa unaostahili. Ilinyesha kwa wakati wake, asubuhi, mchana na jioni.

"Umekunywa?" iliuliza sauti moja.

"Nimekunywa."

"Usinidanganye, Baba Rukia."

"Wallahi nimekunywa. Safari hii nazimaliza zote, Mama Rukia. Zote."

Hakuna aliyeyeyuka. Wachimbaji walichimba mvuani huku wakipiga mluzi. Bwana Shaibu alitangaza sikukuu, maana katika historia ya nchi haijawahi kunyesha mvua kubwa namna ile asife hata mtu mmoja. Watu walicheza. Walinishika mikono ili nicheze nao, na kwa kuwa walinipenda, sikujua jinsi ya kuwaambia kwamba sakafu wanayoichezea inakufa.

Niliwakuta Bi Sikudhani wote wawili kwenye Ukuta. Walikuwa wakikandika bega kwa bega, upesi kuliko nilivyowahi kumuona akifanya kazi, na kila walipoziba tundu, matundu mawili yalifunguka pembeni. Nilichota ute nikawapelekea. Mwishowe yule wa pili alisema bila kugeuka:

"Ungesimama wewe pale nilipokuwa mimi, ungempa."

"Najua," alisema wa kwanza. "Nipe ute."

Tulikuwa katika hali hiyo mvua ya mwisho ilipoanza. Haikutoka Juu. Ilichuruzika kutoka ndani ya Ukuta wenyewe, kutoka upande wa mto mwekundu, kwa sababu Baba Rukia alikuwa amelazwa hospitali kubwa na dawa ilikuwa ikiingia kwa mshipa. Nilimsikia daktari akimwambia mkewe kwamba hii ni ile wanayoiweka kwa ajili ya mwisho, na kwamba baada yake hana nyingine ya kumpa.

Majoho matatu hayakuijua mvua ile. Wachimbaji waliyeyuka vyombo vikiwa mikononi. Wachezaji waliyeyuka wakiwa duarani. Bwana Shaibu alipanda mahali palipoinuka na kupaza sauti yake nzuri: "Kuna mwenye kikuku cha mvua hii? Yeyote! Wa ukoo wowote! Ajitokeze atoe!" Aliwatazama watu kwa imani kamili, akingoja. Kwa mara ya kwanza katika nchi ile mtu aliomba, na hakupewa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa nacho. Alikuwa bado anangoja alipoyeyuka.

Mvua haikuwabagua wakandikaji. Bi Sikudhani wa pili alitangulia. Wa kwanza aliendelea kukandika peke yake mpaka alipobaki mkono tu. Nilimuuliza kama anaumia. Aliniambia niweke kiganja ukutani nimwambie nasikia nini, kwa kuwa yeye hasikii tena.

Niliweka. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha pakawa na kitu.

"Anapumua," nilimwambia. Sijui kama alinisikia.

Baba Rukia alipona. Nilisikia akiomba uji, kwa sauti nyembamba ambayo sikuitambua mara moja. Ninaandika hili kwa furaha ya kweli, ingawa nchi niliyoiacha ndani yake ilikuwa tupu, Ukuta uchi, hakuna wa kuukandika, na mlango uko wazi kwa mgeni yeyote atakayefika kwanza.

Niliondoka kwa Lango la Chini pamoja na mafuriko. Katika msukosuko ule nilisikia mtu akiniita, "Mwalimu! Tangulia, tangulia," na nikageuka. Alikuwa Sururu. Mmoja tu, amechubuka, ila kikuku chake alikuwa nacho. Alikuwa ameponyoka kabla mvua haijamfikia, naye alinipisha mlangoni kwa adabu ile ile.

"Unakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Popote. Nikipata maji, au sahani, au mkono wa mtu." Alitazama mbele, kwenye mwanga. "Wewe ni wa huko nje. Watu wa huko wanakaribisha wageni?"

Nimelelewa nisiseme uongo, na sikutaka kumwambia lolote la kumsaidia.

"Wananawa mikono," nilisema. "Wanachemsha maji. Wanaosha kachumbari kwa maji safi. Na siku hizi hawanywi dawa mpaka daktari aandike."

Tabasamu la Sururu lilipotea. Ilikuwa mara ya kwanza kumuona bila hilo, na alionekana mdogo, kama mtu aliyetoka safari ndefu akakuta milango imefungwa. Aliyapima maneno yangu. Kisha akauliza, si kwa dhihaka, bali kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Wote?"

Nilianza kukimbia, ili nifike kabla yake.